Filamu Nne za Mauaji ya Kimbari ya Rwanda: Utazame Ipi, na Ukiwa na Nani?

Kila Aprili inapokaribia swali hili hurudi. Mwalimu wa historia anatafuta filamu ya kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu. Vijana wa parokia wanataka kufanya kumbukumbu. Mzazi anayeishi Ulaya ana watoto waliozaliwa huko, na angependa wajue yaliyowapata majirani wa bibi yao. Wote hujibiwa vilevile: tazameni ile ya hoteli. Jibu hilo si baya, ila linaficha mengi, kwa kuwa filamu zilizotengenezwa kuhusu Rwanda ya 1994 hazimwachi mtazamaji mahali pamoja. Ipo itakayokuliza kisha ikufute machozi kabla haijaisha. Ipo itakayokuacha na hasira usiyojua uielekeze kwa nani. Na ipo utakayoitazama leo ukalala vizuri, halafu ikushike siku ya tatu ukiwa kwenye daladala.

Nimechukua nne: Hotel Rwanda (2004), Sometimes in April (2005), Shooting Dogs (2005) na Kinyarwanda (2011). Zote zinatokana na siku zile zile 100 za mauaji, na kwa sehemu kubwa mji ule ule wa Kigali. Msiba ni mmoja, wasimulizi ni wanne. Kwa hiyo moja ikikuumiza kuliko nyingine, sababu iko kwenye namna ya kusimulia, na hilo mtu anayechagua anaweza kulijua mapema.

Kwetu sisi wa ukanda huu haya si mambo ya mbali. Ndege iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ikiwa na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa inatoka Dar es Salaam kwenye mkutano. Mkataba wa amani uliokuwa unavunjwa, kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF, ulitiwa saini Arusha mwezi Agosti 1993. Miili ilishuka na mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, na wavuvi wa Kasensero upande wa Uganda waliiopoa wakaizika. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Idadi ya waliouawa, Watutsi kwa wingi wao pamoja na Wahutu waliokataa kuua, Umoja wa Mataifa huiandika 800,000, na serikali ya Rwanda zaidi ya 1,000,000. Ukiziwasha filamu hizi Bukoba, Kigoma au Bujumbura, kuna uwezekano mkubwa kwamba chumbani amekaa mtu anayeyajua haya kwa njia nyingine.

Maswali manne ya kupimia

Kwanza, macho yataona nini? Damu kwenye kioo na uchungu moyoni havipandi pamoja siku zote, lakini mwenye watoto sebuleni lazima ajue kinachokuja.

Pili, unaona kwa macho ya nani? Ukiwekwa ndani ya mtu aliyenaswa utaumia kwa namna moja. Ukiwekwa ndani ya mgeni anayepandishwa lori kuondoka, utaumia kwa namna nyingine kabisa.

Tatu, ni kiasi gani cha yanayoonyeshwa kilitokea kweli? Msiba wa kweli ukitiwa chumvi, mtazamaji anayekuja kuligundua hilo baadaye huona kama ameibiwa machozi yake.

Nne, na kwangu hili ndilo zito: unabaki na nini kesho yake?

Zenyewe kwa ufupi

Hotel Rwanda iliongozwa na Terry George, mzaliwa wa Belfast. Don Cheadle anamwigiza Paul Rusesabagina, meneja wa hoteli aliyekuwa na wakimbizi zaidi ya 1,200 ndani ya Hôtel des Mille Collines, na Sophie Okonedo ni mkewe Tatiana. Ilipendekezwa kwa tuzo tatu za Oscar. Ina saa mbili na dakika moja.

Sometimes in April ni ya Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyeishi Kongo utotoni. Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya HBO, ikapigwa Rwanda kwenyewe. Idris Elba ni Augustin, askari wa Kihutu aliyeoa Mtutsi. Miaka kumi baadaye nduguye Honoré, aliyekuwa mtangazaji wa redio ya chuki, anashtakiwa Arusha. Ndiyo ndefu kuliko zote, karibu saa mbili na theluthi.

Shooting Dogs, ambayo Marekani iliitwa Beyond the Gates, iliongozwa na Michael Caton-Jones wa Scotland. Inasimulia siku tano za shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, mahali walipokuwa wamepiga kambi wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. John Hurt ni padri mzee, Hugh Dancy ni mwalimu kijana kutoka Uingereza.

Kinyarwanda ni ya Alrick Brown, mzaliwa wa Jamaika. Inaunganisha visa sita vya watu waliojificha na watu waliowaficha, hasa katika Msikiti Mkuu wa Kigali. Ilipata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Sundance mwaka 2011.

Zote nne zinategemea sana Kiingereza, hata hiyo yenye jina la lugha ya Rwanda, ingawa Kinyarwanda kinasikika humo pia.

Macho yataona nini

Hotel Rwanda ndiyo yenye tahadhari kubwa. Mauaji yanaonekana kwa mbali, au kwenye kioo kidogo cha mpiga picha wa habari, au hayaonekani kabisa. Hata hivyo ina alfajiri moja ya ukungu ambayo ni vigumu kuisahau. Paul na dereva wake wanarudi hotelini na chakula wakipita barabara ya mtoni, na gari linaanza kurukaruka kama limeacha njia. Paul anashuka kuangalia. Barabara imetandwa miili. Akifika hotelini anabadilisha shati, anajaribu kufunga tai mbele ya kioo, vidole vinakataa, anajaribu tena, kisha anaanguka chini akilia. Hapo hakuna hata tone la damu, na bado ndipo watazamaji wengi hushindwa kujizuia. Mtu mstaarabu, anayejua kila kitu kinapaswa kukaa wapi, ameshindwa na tai.

Kinyarwanda nayo inajizuia, kwa njia yake. Binti anarudi nyumbani kutoka kwenye sherehe ya vijana wenzake na kuwakuta wazazi wameuawa. Tunaona uso wake zaidi kuliko tunavyowaona wao. Kisa kinachotisha kuliko vingine ni cha mtoto mdogo anayeulizwa na wauaji kama kwao kuna mende. Yeye anajua mende ni wale wadudu wa jikoni, kwa hiyo anawapeleka nyumbani akawaonyeshe. Mtazamaji anajua redio ilikuwa inawaita Watutsi hivyo. Hatari nzima imekaa kwenye pengo hilo, na panga halijainuliwa.

Sometimes in April ni ya watu wazima. Kuna kizuizi cha barabarani ambapo watoto wako ndani ya gari. Kuna kanisa. Kuna watu waliojizika matopeni katikati ya mafunjo wakisubiri filimbi zipite. Na kuna bweni la shule ya wasichana. Askari wanaingia na kuwaamuru Wahutu wasimame upande huu na Watutsi upande ule. Wasichana wanashikana mikono. Hakuna anayesogea. Risasi zinafuata. Peck haongezi muziki wa kukulazimisha ulie, na kamera yake haikimbii wala haikodoi. Nimeiona filamu hii ikiwanyamazisha watu waliokuwa wamezoea kuongea mbele ya televisheni.

Shooting Dogs inaonyesha mapanga kwa karibu kuliko nyingine tatu. Wauaji wamekaa nje ya uzio wa shule, wanaimba, wanangoja, na wanaojaribu kutoroka usiku wanafikiwa mbele ya macho yetu. Miongoni mwao kuna mama mwenye kichanga. Nalitaja waziwazi kwa sababu mzazi aliyejifungua karibuni hastahili kukutana na hilo bila kuonywa.

Unaona kwa macho ya nani

Hapa ndipo filamu hizi zinapoachana njia, na hapa ndipo ningemwomba anayechagua akae muda mrefu zaidi.

Hotel Rwanda inakuweka ndani ya mume na baba mmoja. Anataka kuokoa familia yake kwanza, halafu majirani, halafu mlango unakuwa hauwezi kufungwa tena. Kila mtazamaji mwenye nyumba anamwelewa. Ni rahisi kuingia, na kwa asiyejua chochote kuhusu Rwanda hilo ni jambo kubwa. Gharama yake ni kwamba wakimbizi wengine wanabaki kuwa umati. Unawaona wakichota maji ya bwawa la kuogelea, lakini wengi wao huwajui majina.

Shooting Dogs inakuweka ndani ya Wazungu wawili, na wengi wameilaumu kwa hilo. Lawama ni ya haki. Lakini filamu yenyewe inajua mahali iliposimama. Mwandishi wa habari wa kike anamwambia mwalimu kijana kwamba kule Bosnia alilia kila siku, kwa kuwa kila mwanamke aliyekufa alimkumbusha mama yake. Hapa, anasema, wanaokufa ni Waafrika tu. Neno hilo linapita bila kurembwa. Binti wa Kitutsi aitwaye Marie, aliyeigizwa na Clare-Hope Ashitey, yupo pale kumtazama huyo mwalimu aliyemwahidi hatamwacha. Hasira ya filamu inatoka kwenye macho yake. Kwa mtazamaji Mwafrika kuna maumivu ya aina ya pekee kukalishwa kwenye kiti cha anayeondoka. Wengine hawataki kukalia kiti hicho hata kidogo, nami sitawalazimisha.

Sometimes in April inakupa ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja alipoteza kila kitu. Mwingine alishika maikrofoni ya RTLM, ile redio ya chuki. Swali la filamu si nani mwema nani mbaya. Ni la mezani kwetu kabisa: ndugu yako wa damu ameshiriki, anakuandikia barua kutoka mahabusu, utakwenda kumwona? Augustin anapanda kwenda Arusha. Usiku, akiwa kwenye chumba cha wageni, anasikia upande wa pili wa ukuta mwanamke aliyekuja kutoa ushahidi kuhusu kubakwa. Wanaongea kupitia ukuta huo bila kuonana nyuso. Kati ya filamu zote nne, hapo ndipo nilipoona mateso ya wanawake wa Rwanda yakitendewa heshima yanayostahili: maneno ya mhusika mwenyewe, sauti yake, na mtu anayesikiliza.

Kinyarwanda inagawa macho. Kuna mpenzi wa Kihutu na mpenzi wa Kitutsi, kuna luteni wa kike wa RPF, kuna imamu, kuna padri Mkatoliki aliyekimbilia msikitini, na kuna muuaji aliye kwenye kambi ya kufundishwa upya miaka kumi baadaye. Huwezi kujifunga kwa mmoja, na hiyo inapunguza uzito wa kila kifo. Baadhi ya watu wataona filamu haiwashiki. Wengine watapata nafasi ya kupumua ambayo nyingine hazitoi.

Ukweli umekaa wapi

Hotel Rwanda imejengwa juu ya bega la mtu mmoja aliye hai, na mzigo huo umeyumba. Hoteli ilikuwepo, wakimbizi walikuwepo, na walinusurika. Lakini baadhi ya waliokuwamo wamesema hadharani kwamba filamu ilimkuza Rusesabagina kupita kiasi na kuwasahau wengine. Wapo pia wanaomtetea mpaka leo. Mwaka 2005 alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani. Baadaye akawa mpinzani wa serikali ya Kigali, akakamatwa mwaka 2020, akahukumiwa miaka 25 mwaka 2021 kwa makosa ya ugaidi katika kesi iliyopingwa sana nje ya Rwanda, akaachiwa Machi 2023. Chochote utakachoamini, jua kwamba Mnyarwanda aliyekaa nawe chumbani huenda ana maoni makali kuhusu shujaa wa filamu hii, na machozi ya wageni yanaweza kumkera. Jina ambalo ningependa lisikike zaidi kwenye kisa cha hoteli ile ni la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiyebeba silaha, aliyewapitisha watu vizuizini mpaka alipouawa tarehe 31 Mei 1994. Watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa Aprili 7, waliokolewa kwa mkono wake. Filamu haimtaji.

Shooting Dogs ilipigwa kwenye shule yenyewe. Tarehe 11 Aprili 1994 wanajeshi wa Ubelgiji waliondoka ETO, na watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamewategemea waliuawa, wengi wao wakiwa wameswagwa hadi kilima cha Nyanza, ambako leo kuna makumbusho. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo Boniface Ngulinzira, waziri wa zamani wa mambo ya nje aliyeongoza mazungumzo ya amani Arusha. Padri wa kwenye filamu ni wa kubuni, ametokana na Vjekoslav Ćurić, Mfransisko kutoka Bosnia aliyekataa kuondoka na kuokoa watu. Lakini yeye alikuwa Kivumu, hakuwa ETO, na aliuawa Kigali mwaka 1998. Kwa hiyo ile faraja ndogo ya padri anayebaki na watu wake imepelekwa shuleni pale na waandishi. Usizime kabla ya majina ya mwisho. Wanyarwanda waliofanya kazi kwenye filamu wanaonyeshwa kwa picha na majina, pamoja na ndugu waliowapoteza. Wengine hulia hapo tu.

Familia ya Sometimes in April ni ya kubuni, na hilo limeisaidia: hakuna shujaa wa kubishaniwa. Vinavyoizunguka ni vya kweli. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha, na Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ilitoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, ikatamka pia kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Tukio la bweni linakumbusha sekondari ya Nyange, Machi 1997, ambako wavamizi waliwaamuru wanafunzi wajitenge nao wakakataa. Kadhaa waliuawa, na Rwanda inawaenzi kama mashujaa wa taifa.

Kinyarwanda inategemea masimulizi ya walionusurika misikitini. Mufti aliwakataza Waislamu kushiriki kuua, na milango ya msikiti ikafunguliwa. Msomaji wa Kiswahili ataguswa hapa kwa sababu nyingine: Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Waislamu wa Kigali, ndiyo iliyokuwa makao ya Kiswahili nchini humo kwa miaka mingi. Ila usiondoke ukiamini kwamba dini moja ilikuwa safi. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura aliyetiwa hatiani Arusha mwaka 2003, alikuwa Mwislamu. Filamu imechagua kusimulia waliofungua mlango, na uchaguzi huo ni halali mradi ujue ni uchaguzi.

Unabaki na nini kesho yake

Hotel Rwanda inakuacha na ahueni. Basi linaondoka, familia inakutana na wapwa waliopotea, muziki unapanda. Ahueni hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe, na ndiyo udhaifu wake, maana walio wengi mno hawakufika kwenye basi lolote. Anayeitazama peke yake bila kusoma chochote baadaye anaweza kukumbuka mwaka 1994 kama kisa cha watu waliopona.

Shooting Dogs inakuacha na aibu na hasira. Jina lenyewe linatokana na wanajeshi waliotaka kuwapiga risasi mbwa waliokuwa wanakula maiti, ilhali hawakuruhusiwa kuwapiga walioziacha maiti hizo. Kuna wakati wazee wanamwomba kapteni wa Kibelgiji, kama lazima aondoke, awapige risasi watoto wao kwanza ili wasife kwa panga. Anakataa. Hasira hii inafaa kwa mjadala, ni kuni kavu. Kwa mtu aliye na huzuni yake binafsi inaweza kuwa sumu, kwa kuwa filamu haimpi mahali pa kuitua.

Sometimes in April inakuacha na huzuni inayotembea polepole. Haikufungi, haikufungui. Watu wanaendelea kuishi: Augustin anafundisha shule, ana mchumba mwingine aliyenusurika katika bweni lile lile alimokuwa binti yake, na wanapika, wanalala, wanaogopa mwezi wa Aprili. Filamu nyingi za misiba huishia siku msiba unapokwisha. Hii inaelewa kwamba siku hiyo ndipo kazi ya waliobaki inapoanza. Kwangu hiyo ni sababu ya kuiheshimu, na pia ni sababu ya kutoiwasha usiku wa Jumapili kama Jumatatu una mtihani.

Kinyarwanda inakuacha na tumaini lenye maswali. Msamaha unatendeka mbele yako, muuaji anasimama na kukiri. Kwa baadhi ya walionusurika tumaini la aina hii huja mapema mno na kwa sauti ya juu mno. Wanaona wanasukumwa kusamehe ili mtazamaji alale. Nawaelewa. Lakini kwa vijana waliozaliwa baada ya 1994, ambao lazima waishi mtaa mmoja na watoto wa pande zote, sijui ni filamu gani nyingine kati ya hizi ingewapa mahali pa kuanzia.

Kabla hujaiwasha

Itazame mwenyewe kwanza, mpaka mwisho, bila watu. Ukiwa na darasa, kumbuka kwamba kwenye madawati anaweza kuwemo mtoto wa aliyenusurika na pia mtoto wa aliyeua. Wote wawili hawakuchagua, na aibu ya yule wa pili huwa haina pa kusemewa. Waambie wote mapema kitakachoonekana, mpe kila mtu ruhusa ya kutoka bila kuulizwa sababu, na tenga muda baada ya filamu unaolingana na filamu yenyewe. Na tafadhali, nakala zilizotiwa sauti ya DJ anayetafsiri huku akichangamsha watu usizitumie kwa hizi. Zina mahali pake, hapa hapafai.

Ipi kwa hali ipi

Kama hujui chochote, au una vijana wa miaka 13 hadi 15, anza na Hotel Rwanda, kisha siku hiyohiyo wasimulie habari za Mbaye Diagne na za ETO, ili ahueni ya mwisho isiwe ndiyo picha pekee wanayobaki nayo.

Kama ni kikundi cha dini, au mtaa wenye Waislamu na Wakristo, au watoto wa ughaibuni wanaohitaji kuona kwamba kulikuwa na waliokataa kuua, Kinyarwanda itafungua mazungumzo bila kuwavunja. Iweke kando kama mgeni wenu mkuu ni mtu anayedai haki ambayo bado hajaipata.

Wanafunzi wa sheria, wa siasa, wa uandishi wa habari, na yeyote anayefikiria kazi ya kulinda amani, wapewe Shooting Dogs. Wajue pia kwamba tarehe 21 Aprili 1994, siku kumi baada ya ETO, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Rwanda hadi watu 270. Mjadala utajiendesha. Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, au aliyefiwa na mtoto asialikwe kwa hii.

Mtu mzima anayetaka kuelewa familia iliyogawanyika, Mrundi au Mkongomani anayebeba mambo kama hayo kutoka kwao, au wewe uliyeiona ile ya hoteli zamani na ukahisi kuna kitu kimebaki nje, tazama Sometimes in April. Ukiwa Arusha utaiona kwa jicho jingine, kwa kuwa mahakama hiyo ilikaa katikati ya mji wenu mpaka ilipofungwa Desemba 2015, na mashahidi walilala kwenye nyumba za wageni mlizokuwa mnapita kila siku.

Na kama unayetaka kutazama naye alikuwepo Rwanda mwaka ule, usimchagulie. Muulize kama anataka, umwambie yaliyomo kama nilivyokuambia hapa, na umwache aseme hapana. Akisema ndiyo, mpe yeye rimoti.